Kuingia Kompyuta kwa Mbali: Hodi, Ufunguo na Istilahi Zake

UTANGULIZI

Miongoni mwa kazi zinazolifikia dawati letu la istilahi imo miongozo ambayo ofisi za umma huitafsiri kwa ajili ya watumishi wao, nasi huombwa kuipitia kabla haijapigwa chapa. Mmoja wa miongozo hiyo ulihusu namna ya kuitumia kompyuta kuu ya ofisi fulani, yaani seva yake, kutoka mikoani. Ndani yake mlikuwa na sentensi hii: "Fungua bandari ya kompyuta ya kijijini, kisha weka nywila ili kuhakikisha usalama." Tuliisoma, tukacheka kidogo, tukalifuta neno "kijijini" na kuandika "ya mbali", tukaibadili "bandari" kuwa "mlango", kisha tukaurudisha mwongozo kwa wenyewe. Sehemu ya mwisho ya sentensi hatukuigusa, kwa sababu sarufi yake ilikuwa sahihi.

Miezi michache baadaye tulipata habari kwamba seva ile imeingiliwa na watu wasiojulikana, na majalada yake yamefungwa yasisomeke, hata watumishi wakakaa siku kadhaa bila kazi ya kufanya. Fundi aliyeitwa kuirekebisha alieleza kwamba mlango wa seva uliachwa wazi kuelekea ulimwengu mzima, na kizuizi pekee kilikuwa ni nywila. Mtumishi aliyeufungua alipoulizwa alijibu kwa unyofu kwamba yeye alifuata mwongozo: nywila aliiweka, na mwongozo ulisema kwamba nywila huhakikisha usalama.

Jibu hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya. Hatukuwa na hoja ya kumpinga, maana sentensi ilipita mikononi mwetu. Tulisahihisha maneno yaliyochekesha, tukaliacha neno lililodhuru. Katika kurasa zifuatazo tutaeleza, kwa ufupi, historia ya jinsi watu walivyojifunza kuingia katika kompyuta iliyo mbali nao bila ya kuwafungulia njia wasiohusika. Nia yetu ni kuonyesha kwamba neno "usalama", katika sentensi ile, lilibebeshwa mzigo wa mambo manne yaliyo mbalimbali. Kwamba kila moja la mambo hayo lilijulikana kwa wakati wake na baada ya hasara yake. Na kwamba msanifu wa istilahi asiyeijua historia hiyo hawezi kuyatenganisha.

DESTURI YA MLANGONI

Tuanze nyumbani. Mgeni afikapo mlangoni hupiga hodi. Mwenyeji huuliza, "Nani?" na mara nyingi mgeni hujibu, "Mimi." Jibu hilo, likitazamwa kwa makini, halimtaji mtu yeyote, mwenyeji humjua mgeni kwa sauti yake, wala si kwa neno lake. Sauti ikiwa ngeni, mwenyeji huongeza, "Mimi nani?" na mgeni hutaja jina. Jina nalo lisipotosha, mwenyeji huchungulia dirishani. Hata akisha kujulikana, mgeni haingii kila mahali: wa barazani hukaa barazani, wa sebuleni huketi sebuleni, na chumbani haingii ila aliyeruhusiwa. Fauka ya hayo, mazungumzo ya mlangoni husikiwa na majirani na wapita njia, na kwa hiyo jambo la siri halisemwi pale.

Katika desturi hii fupi mna mambo manne. La kwanza ni utambulisho: mgeni kusema yeye ni nani. La pili ni uthibitisho: mgeni kuonyesha kwamba ndiye hasa. La tatu ni idhini: mwenyeji kuamua mgeni afike wapi. La nne ni usiri wa njia: yanayosemwa kati yao yasisikiwe na mwingine. Kompyuta haina sikio la kuijua sauti wala dirisha la kuchungulia. Hivyo yote manne hayana budi kutengenezwa. Wataalamu hawakuyatengeneza kwa siku moja.

HODI ZA MWANZO, 1940–1966

Mtu wa kwanza kuonyesha hadharani kwamba mashine ya kukokotoa yaweza kutumiwa kutoka mbali alikuwa George Stibitz wa maabara za Bell, Marekani. Tarehe 11 Septemba 1940, katika mkutano wa wanahisabati uliofanyika Chuo cha Dartmouth, mjini Hanover katika jimbo la New Hampshire, alileta mashine ya kupigia simu za maandishi. Kwa njia ya waya aliiunganisha na mashine yake ya hesabu iliyokuwa New York. Maswali yalipigwa chapa Hanover, na majibu yalirudi muda mfupi baadaye. Siku hiyo hapakuwa na haja ya hodi wala nywila: waya ulikuwa mmoja, mashine moja, na kila mwanzo na mwisho ulikuwa mkononi mwa watu waliojuana. Usalama wake ulikuwa ni ule wa nyumba isiyo na jirani.

Hali ilibadilika pale kompyuta moja ilipoanza kutumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Mnamo Novemba 1961, katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Fernando Corbató na wenziwe walionyesha mfumo ulioitwa kwa kifupi CTSS. Mfumo huo uliigawa kazi ya mashine kwa vipande vidogo vya muda, hata kila mtumiaji akaona kana kwamba kompyuta ni yake peke yake. Kwa kuwa kila mmoja alikuwa na majalada yake na posho yake ya muda, ilibidi mashine ijue nani ni nani. Hapo ndipo nywila ilipoingia katika kompyuta.

Yafaa tuzingatie kwamba nywila hiyo haikukusudiwa kumzuia adui. Ilikuwa kama kadi ya mgawo. Na kama ilivyo kawaida ya mgawo, alipatikana aliyeuona haumtoshi. Mwaka 1962 mtafiti mmoja wa chuo hicho, Allan Scherr, aliiomba mashine imchapie jalada lenye nywila zote, ikamchapia, naye akaanza kutumia muda wa wenziwe. Baadaye katika miaka hiyo ya 1960 likatokea jingine lisilotokana na hila ya mtu. Wasimamizi wawili walikuwa wakihariri majalada kwa wakati mmoja, na majalada hayo yakabadilishana nafasi. Kila aliyeingia katika mfumo akakaribishwa kwa orodha nzima ya nywila za watu, mahali pa tangazo la siku. Corbató mwenyewe alikisimulia kisa hicho alipotoa mhadhara wa kupokea Tuzo ya Turing.

Fundisho la awamu hii ni moja: nywila ni uthibitisho dhaifu, kwa sababu ni kitu kinachojulikana na pande mbili, na chenye kujulikana na wawili chaweza kujulikana na wa tatu.

MTANDAO NA WADUKIZI, 1969–1994

Tarehe 29 Oktoba 1969 kompyuta ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, iliunganishwa kwa mara ya kwanza na ile ya Taasisi ya Utafiti ya Stanford katika mtandao ulioitwa ARPANET. Mwanafunzi Charley Kline alikusudia kupiga chapa amri ya kuingia, ambayo kwa Kiingereza ni "login". Herufi mbili za mwanzo zilifika. Kisha kompyuta ya upande wa pili ikazimika. Hivyo neno la kwanza kupita katika mtandao uliozaa intaneti lilikuwa ni hodi, tena hodi isiyomalizika. Saa moja hivi baadaye jaribio lilirudiwa, likafaulu.

Katika miaka iliyofuata itifaki ya kuingia kwa mbali ilisanifiwa kwa jina la Telnet, na maelezo yake rasmi yakatolewa mwaka 1983. Telnet ilifanya kazi yake vizuri, ila kila herufi iliyopigwa, pamoja na herufi za nywila, ilisafiri waziwazi kama barua isiyo na bahasha. Mwaka huo huo wa 1983 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa programu iliyorahisisha mambo zaidi: seva ziliweza kuambizana ni mashine zipi za kuaminiwa, na mgeni atokaye katika mashine hizo aliingia bila ya kuulizwa nywila. Kwa lugha ya mlangoni, mwenyeji alitosheka na jibu la "Mimi".

Hasara hazikukawia. Mwaka 1986 mtaalamu wa nyota Clifford Stoll, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Lawrence Berkeley, aliagizwa kutafuta chanzo cha kasoro ya senti 75 katika hesabu za matumizi ya kompyuta. Kasoro hiyo ndogo ilimfikisha kwa mtu aliyekuwa akiingia katika kompyuta za jeshi la Marekani kutoka Hannover, Ujerumani Magharibi, na kuiuzia habari idara ya ujasusi ya Urusi ya Kisovieti. Mtu huyo hakuwa na maarifa ya ajabu. Alijaribu nywila za kawaida zilizowekwa na watengenezaji na ambazo hakuna aliyejisumbua kuzibadili. Mnamo Novemba 2, 1988 programu iliyoandikwa na mwanafunzi Robert Tappan Morris ilijisambaza yenyewe katika maelfu ya mashine. Miongoni mwa mbinu zake ilikuwa kubahatisha nywila, na kupita katika milango ile ya kuaminiana.

Pigo kubwa zaidi kwa itifaki za wazi lilikuja Februari 1994. Kituo cha CERT, kilichoundwa Marekani baada ya mkasa wa 1988, kilitoa onyo kwamba wapo watu waliotega programu za kusikiliza ndani ya mitandao, na kwamba wamekwisha kunasa nywila na majina ya kuingilia katika makumi ya maelfu ya mifumo. Hapakuwa na kufuli lililovunjwa. Watu hao walikaa kando ya njia na kutega sikio.

Kiswahili kinalo neno la mtu wa namna hiyo, nalo ni "mdukizi", yaani asikilizaye kwa siri maneno yasiyomhusu. Katika matumizi ya sasa, neno "mdukuzi" limeenea kwa maana ya yeyote aingiaye katika kompyuta bila ya ruhusa. Twaona ni vema yote mawili yatunzwe kwa maana zilizotengana: mdukizi ni asikilizaye njiani, na mdukuzi ni aingiaye ndani. Kinga dhidi ya wa kwanza haimzuii wa pili, wala kinga dhidi ya wa pili haimzuii wa kwanza.

FUNGUO MBILI NA HANDAKI, 1976–1999

Dawa ya udukizi ilikuwa imekwisha gunduliwa kabla ya ugonjwa kuenea. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha njia ya kuwawezesha watu wawili wasiowahi kukutana kukubaliana juu ya siri moja, hali wakizungumza mbele ya watu. Mwaka 1977 Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walibuni mfumo wa funguo mbili, mmoja wa hadhara na mmoja wa siri. Mfano ulio karibu ni kufuli linalojifunga kwa kubanwa: mtu yeyote aweza kulibana, bali kulifungua ni kazi ya mwenye ufunguo. Mwenye kumiliki kufuli la namna hii aweza kuwagawia watu makufuli yake wazi bila ya hofu, maadamu ufunguo hautoki mkononi mwake.

Elimu hiyo ilikaa vitabuni na katika maabara kwa muda mrefu. Aliyeileta mlangoni kwa mtumiaji wa kawaida wa seva alikuwa Tatu Ylönen, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini. Mwaka 1995 mtandao wa chuo chake uliingiliwa na wadukizi waliokusanya nywila. Ylönen akaandika programu ya kuchukua nafasi ya Telnet, akaiita SSH, na kuitoa bure mnamo Julai mwaka huo. Kila huduma katika seva hupewa namba ya mlango. Telnet ilikuwa na namba 23, na huduma ya kuhamisha majalada namba 21. Ylönen aliomba namba 22 iliyokuwa katikati, akapewa. Kufikia mwisho wa mwaka 1995 watumiaji wa programu yake walikadiriwa kufika 20,000 katika nchi 50. Mwaka 1999 wasanifu wa mfumo wa OpenBSD walitoa toleo huria, OpenSSH, ambalo hadi leo ndilo litumikalo katika seva nyingi mno duniani.

SSH ilileta mambo matatu kwa pamoja. Kwanza, mazungumzo yote husimbwa, hivyo mdukizi asikiaye haambulii kitu. Pili, mgeni aweza kuthibitisha nafsi yake kwa ufunguo badala ya nywila. Ufunguo wa siri haupiti njiani kamwe, kwa hiyo hakuna cha kunasa. La tatu, ambalo mara nyingi husahauliwa, ni kwamba seva nayo hujithibitisha kwa mgeni. Mtu aingiapo mara ya kwanza huonyeshwa alama ya ufunguo wa seva na kuulizwa kama aikubali. Wengi hujibu "ndiyo" bila ya kusoma. Hali swali hilo lina maana kubwa: mwenyeji amekwisha kumjua mgeni, je, mgeni naye ana hakika kwamba nyumba hii ndiyo aliyoikusudia? Aliyewekewa nyumba ya uongo atakabidhi siri zake kwa mikono yake mwenyewe.

Sifa nyingine ya SSH ni kwamba mazungumzo ya programu nyingine yaweza kupitishwa ndani yake, kama mtu apitaye chini kwa chini katika handaki. Sifa hiyo itatufaa katika sehemu ifuatayo.

ENEOKAZI LASAFIRI, 1984–2008

Hadi hapa mgeni alikuwa akiingia kwa maandishi matupu. Picha za skrini, zenye madirisha na vielekezi, zilianza kusafiri mwaka 1984 pale Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts kilipobuni mfumo wa X, uliowezesha programu kufanya kazi katika mashine moja na kuonekana katika nyingine. Mwaka 1998 maabara ya Olivetti na Oracle mjini Cambridge, Uingereza, ilitoa programu ya VNC, iliyomwezesha mtu kuliona na kulitumia eneokazi zima la kompyuta ya mbali. Mwaka huo huo kampuni ya Microsoft ilitoa toleo la seva ya Windows NT 4.0 lenye itifaki ya RDP, na kuanzia mwaka 2001 itifaki hiyo ikatiwa pia katika Windows XP.

Eneokazi liliposafiri, makosa ya zamani yalisafiri nalo. VNC ya mwanzo ilitumia herufi nane tu za nywila, na picha za skrini zilipita bila ya kusimbwa. Ndiyo sababu mafundi waangalifu waliipitisha ndani ya handaki la SSH. RDP ilisimba mazungumzo yake, bali matoleo ya mwanzo hayakumpa mgeni njia ya kuaminika ya kuihakiki seva. Tena, mgeni alifunguliwa skrini ya seva kwanza, ndipo akaulizwa nywila, sawa na mtu anayekaribishwa hadi sebuleni kisha aulizwe jina lake. Kasoro hiyo ilirekebishwa katika Windows Vista na Windows Server 2008, ambamo uthibitisho huweza kudaiwa kabla eneokazi halijafunguliwa.

KISWAHILI KILIKUWA WAPI?

Msomaji atauliza, na ana haki, kwamba Kiswahili kilikuwa wapi katika miaka yote hiyo. Kompyuta ya kwanza iliingia Wizara ya Fedha ya Tanzania mwaka 1965. Lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya hesabu za Serikali kuvurugika. Hivyo katika miaka ile ambayo wenzetu walikuwa wakibishana juu ya Telnet na nywila, hapakuwa na haja kubwa ya kuyajadili mambo hayo kwa Kiswahili. Kazi ya kuifanya kompyuta izungumze lugha yetu ilishika kasi katika miaka ya 2000. Mfano mmoja ni programu ya ofisi iliyoitwa Jambo OpenOffice, iliyotolewa na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004. Mwaka 2009 waya wa SEACOM ulifika pwani yetu kupitia chini ya bahari, na mawasiliano ya kasi yakaifanya kazi ya kuingia seva kwa mbali kuwa jambo la kila siku.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Kwa wenzetu kila istilahi ilizaliwa na mkasa wake, na watu waliikumbuka kwa mkasa huo. Sisi tuliletewa istilahi zote siku moja, katika orodha moja, zikiwa zimepangwa kwa alfabeti. Zikitazamwa hivyo, tano au sita zaonekana kuwa ni visawe, na mfasiri mwenye haraka huzikusanya zote chini ya neno "usalama" au "uthibitisho". Kosa hilo halitokani na uchache wa maneno ya Kiswahili. Tumekwisha kuona kwamba desturi ya hodi ina maneno ya kutosha. Latokana na kupokea majina bila ya kupokea historia zake.

MILANGO ILIYOACHWA WAZI, 2019–2021

Visa viwili vya miaka ya karibuni vyaonyesha jinsi mambo haya yasivyoweza kubadilishana kazi. Mnamo Mei 2019 Microsoft ilitangaza dosari katika huduma ya RDP ya matoleo yake ya zamani, iliyopewa jina la BlueKeep. Dosari hiyo ilimwezesha mtu kuitawala mashine kabla hajaulizwa nywila. Uzito wake ulikuwa mkubwa hata kampuni ikatoa kiraka cha Windows XP, toleo ambalo lilikuwa limeacha kuhudumiwa tangu 2014. Mwenye nywila ndefu na mwenye nywila fupi walikuwa katika hatari moja, almuradi mlango wao ulielekea mtandao wa umma na hawajatia kiraka.

Mnamo Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline, yenye bomba la mafuta litokalo Texas hadi New Jersey, ililazimika kulifunga bomba hilo kwa siku kadhaa. Wadukuzi waliingia kwa kutumia akaunti ya zamani ya mtandao wa faragha wa kampuni, isiyotumika tena lakini haijafutwa, iliyolindwa kwa nywila peke yake, bila ya uthibitisho wa pili. Njia ile ilikuwa imesimbwa vizuri. Kilichosafiri ndani yake kwa siri kamili ni mwizi.

Tukiviweka visa hivi pamoja na vile vya zamani, twapata picha iliyo wazi. Telnet ilidai nywila, lakini njia yake ilikuwa wazi. Programu ya Berkeley ilipokea utambulisho bila ya uthibitisho. Dosari ya 2019 ilitangulia maswali yote. Na mwaka 2021 njia ilikuwa ya siri, lakini uthibitisho ulikuwa mwepesi na idhini haikufutwa kwa wakati wake. Katika kila kisa kimepungua kitu tofauti, na katika kila kisa mfasiri mwenye haraka angeandika kwamba kimepungua "usalama".

MAPENDEKEZO

Kutokana na maelezo haya, twapendekeza mambo yafuatayo kwa wafasiri na wahariri wa miongozo.

Kwanza, neno "usalama" litumike kwa matokeo ya jumla tu, lisitumike kwa hatua yoyote moja. Sentensi isemayo kwamba nywila, au kusimba, au kiraka "huhakikisha usalama" ihesabiwe kuwa ni kosa la maana, hata kama sarufi yake ni sahihi.

Pili, maneno utambulisho, uthibitisho, idhini na usiri wa njia yatumike kwa maana nne tulizozieleza, wala lisitumike moja badala ya jingine. Kazi ya mgeni kuichunguza seva iitwe uhakiki wa seva, ili isichanganywe na uthibitisho wa mgeni.

Tatu, "kijijini" lisitumike kwa kitu kilicho mbali. "-A mbali" latosha. Kadhalika "bandari" liachiwe meli. Neno la Kiingereza "port", kwa maana ya kompyuta, latokana na neno la Kilatini lenye maana ya lango; kwa hiyo "mlango" si tafsiri ya kubahatisha. Kwa skrini ya kazi litumike "eneokazi", na "kompyuta ya mezani" libaki kwa chombo chenyewe, maana eneokazi la mbali laweza kuwa la seva isiyo na meza wala skrini.

Nne, twapendekeza neno "daka" kwa seva ndogo iwekwayo mbele ya seva kuu ili wageni wote wapitie hapo kwanza. Katika nyumba za Waswahili wa pwani daka ni ukumbi mdogo wa mlangoni, kati ya njia na ndani. Aliyeko dakani amekwisha kutoka njiani, lakini hajaingia nyumbani. Maana hiyo yaafikiana na kazi ya chombo hicho kuliko jina lolote la kutohoa.

Kwa istilahi hizi sentensi iliyotuponza ingeweza kuandikwa hivi: "Usiufungue mlango wa eneokazi la seva kuelekea mtandao wa umma. Pitia dakani kwa handaki lililosimbwa. Hakiki ufunguo wa seva kabla ya kuukubali. Thibitisha nafsi yako kwa ufunguo, au kwa nywila pamoja na uthibitisho wa pili. Omba idhini ya kazi yako tu, na akaunti ya aliyeacha kazi ifutwe siku hiyo hiyo. Tia viraka vya seva mara vitolewapo, na usome kumbukumbu za walioingia." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini kila kishazi chake kimelipiwa na mtu fulani, mahali fulani, katika mwaka unaojulikana.

HITIMISHO

Aghalabu kazi ya istilahi hudhaniwa kuwa ni kazi ya kupachika majina juu ya vitu vilivyokwisha kukamilika. Kisa cha mwongozo ule kimetufunza vingine. Mtumishi wa mkoani hakuwa na mhandisi wa kumuuliza. Alichokuwa nacho ni karatasi ya Kiswahili, naye aliiamini. Lugha ilipomwambia kwamba hatua moja yatosha, alichukua hatua moja. Tumekwisha kuupitia upya mwongozo huo tangu mwanzo hadi mwisho, na safari hii fundi alikaa nasi mezani, akituuliza kila tulipoandika "usalama": usalama wa nini, na dhidi ya nani? Tunawashauri wafasiri wengine wajiulize vivyo hivyo kabla ya kupiga chapa.